GPS ya gari ilivyonipoteza Kitulo: wa Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe tusaidiane kuitumia

MwanaUyole (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu.

Nimekaa na jambo hili tangu masika. Leo nimeona niliandike lote, maana nimeshakutana na watu wengine wawili wa huku kwetu waliopatwa na lilelile.

Mwezi wa tatu tulipata msiba Makete, upande wa mama. Taarifa iliingia usiku, mazishi kesho yake saa nane mchana. Nikaazima gari dogo la kaka, Toyota IST, nikampakia mama, mama mdogo na mdogo wetu wa kiume, tukatoka Uyole saa kumi na mbili asubuhi. Kwenye kioo cha mbele kulikuwa na kifaa cha GPS, kile cha kubandika, kaka alikinunua mkononi. Makete nimekwenda mara nyingi, ila kwa basi, na kwenye basi mtu analala. Nikaandika jina, kikanipa njia: Isyonje, Kikondo, Kitulo, Makete. Kilomita mia na ushee. Ile ya kuzungukia Makambako na Njombe inapita kilomita 300, ingawa ni lami. Mama akauliza mbona tunashika barabara ya Tukuyu, mjomba wako huwa anapitia Njombe. Nikamwambia tulia mama, hii imeshapiga hesabu.

Mpaka Isyonje hakuna shida. Tukapanda, baridi ikaanza kuingia garini, na tulipoipita Kikondo ukungu ukatufunika. Aliyepita kule mwezi wa tatu anaujua. Ukiwasha taa, mwanga unakurudia machoni. Nikawa naendesha huku naangalia skrini kuliko barabara. Kikasema baada ya mita 300 pinda kushoto. Nikapinda. Kwenye skrini ule mstari ulikuwa mweupe na mnene sawasawa na wa barabara tuliyoiacha. Chini ya magurudumu kulikuwa na mifereji miwili imejaa maji na tuta la udongo katikati. Sijafika hata nusu kilomita, tumbo la gari likakaa juu ya tuta na matairi ya mbele yakawa yanazunguka bure.

Mtandao hakuna. Mama mdogo alianza kusali kwa sauti ya chini. Baada ya muda akatokea mzee mmoja amevaa gambuti, koti kubwa na jembe begani. Akatusalimu, "Kamwene." Akainama akachungulia uvunguni, kisha akaangalia ile skrini kwa muda mrefu. Akasema, "Mwanangu, hii ni njia ya trekta, ya kutolea viazi. Barabara mmeiacha pale penye mkaratusi." Akaenda kuita vijana. Wakaja wanne, wakakata matawi, wakasomba mawe kwa mikono. Tulitoka pale saa saba na nusu.

Makete tulifika saa kumi. Kaburi limeshafukiwa na kusawazishwa, mashada yameshawekwa. Mama aliinama, akachukua udongo kwa mkono, akaumwaga juu yake. Hakunilaumu kwa neno lolote mpaka leo.

Nimerudi nikakifungua kile kifaa kwenye mipangilio. Kilikuwa kimewekwa kitafute "njia fupi zaidi", na ile sehemu ya kuepuka barabara za vumbi ilikuwa imezimwa. Kumbe kilinipa nilichokiomba bila kujua kuwa nimekiomba. Naomba wanaojua watueleze vitu hivi vinafanyaje kazi, na huku milimani tuvitumieje. Kwa sababu kuviacha sitaki. Usiku, mjini nisikokujua, vimenisaidia mara nyingi.

Kaka_Ipogolo

Poleni sana mkuu kwa msiba na kwa hayo ya njiani. Mama ni mama. Nakaa hapa nisome.

Fundi_Mwanjelwa

Poleni. Mimi ni fundi wa redio na umeme wa magari, kwa hiyo vifaa hivi napitisha mikononi kila wiki. Nianze na jambo ambalo wateja wangu wengi hawalijui: ndani ya kile kifaa mna vitu viwili tofauti, na watu wanavichanganya.

Cha kwanza ni GPS yenyewe. Juu kule, kilomita kama 20,200 kutoka ardhini, kuna setilaiti za Marekani, zisizopungua 24, kila moja inaizunguka dunia mara mbili kwa siku. Kazi yake ni kutangaza muda wote: mimi ni fulani, niko mahali hapa, saa yangu inasema hivi. Kifaa chako hakitumi chochote, kinasikiliza tu. Kinapima tangazo limechelewa kiasi gani kufika, ndipo kinajua setilaiti iko mbali kiasi gani. Zikisikika nne, kinajua ulipo. Tatu zingetosha kwa mahali peke yake, ya nne ni ya kurekebisha saa ya kifaa, maana saa yake ni ya bei rahisi na zile za angani ni za atomiki. Simu za siku hizi zinasikiliza na za Urusi, Ulaya na China pia, kwa hiyo zinapata nyingi kwa mkupuo mmoja.

Ndiyo maana GPS haili bando. Toa hata laini kwenye simu, bado itajua ulipo. Mfumo ulijengwa na jeshi la Marekani, ukatangazwa kukamilika mwaka 1995, na mpaka Mei 2000 walikuwa wanaupotosha makusudi kwa raia, unaweza kukosea mita 100. Walipoacha kupotosha ndipo vifaa vya magari vikawa na maana. Leo ukiwa mahali pa wazi inakosea mita chache tu.

Cha pili ni ramani. Hii imechorwa na watu na imehifadhiwa kwenye kadi au kwenye simu. Setilaiti haijui kama kuna Makete. Haijui lami wala tope. Mkuu, siku ile Kitulo GPS yako ilikuwa sahihi kabisa, ilijua mahali hasa ulipo. Ramani ndiyo iliyoiita njia ya trekta barabara.

Na ukungu hauhusiki. Mawimbi yake yanapita kwenye ukungu na mvua bila taabu. Yanayoyazuia ni bati, zege, kuta za mlima zikikubana pande zote mbili, miti minene yenye majani mabichi, na tinti zenye chembe za chuma. Wateja wawili waliniletea kifaa wakisema kimekufa, kumbe ni tinti. Nilikisogeza pale chini ya kioo cha mbele pasipo na tinti, kikashika.

Jingine: kifaa kilichokaa kabatini miezi mingi, ukikiwasha usiondoke papo hapo. Kinahitaji kupokea upya taarifa za setilaiti zilipo, na orodha nzima huchukua dakika 12 na nusu kutumwa. Egesha mahali pa wazi, kiache robo saa. Wengi wanawasha huku gari linatoka getini, halafu wanasema kibovu.

Premio_Kihesa

Shukrani fundi, hili somo sijawahi kulipata popote. Naomba kuuliza. Premio yangu ilikuja na navigesheni ndani, skrini kubwa nzuri, ila maandishi yote Kijapani. Kila nikiiwasha inaonyesha gari liko katikati ya eneo tupu, hakuna barabara hata moja. Kuna mtu hapa Iringa ananiambia nimpe 150,000 aniwekee ramani ya Tanzania.

Fundi_Mwanjelwa

Mkuu, usitoe hela hiyo kabla hajakuonyesha gari jingine la aina hiyohiyo alilolifanyia likafanya kazi, ukaliona kwa macho yako.

Navigesheni za magari ya Japani zilitengenezwa kwa ajili ya Japani. Ramani iko kwenye DVD, kwenye diski ngumu ya ndani au kwenye kadi, na mfumo wake wa kuisoma ni wao wenyewe. Hilo eneo tupu unaloliona ni kweli uko hapo, GPS inafanya kazi vizuri, ila ramani yake inaishia Japani. Ni kama redio zao za FM zinavyoishia 90 wakati stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo. Redio tunaifungia kigeuzi inapata, ramani haina kigeuzi. Halafu ukitoa betri, nyingi za Toyota zinajifunga na kudai namba ya siri, ukabaki huna hata redio.

Unazo njia mbili. Ya kwanza ni kuing'oa ukafunga redio ya Android yenye antena yake ya GPS. Antena usikubali ifichwe nyuma ya redio kati ya vyuma. Mwambie fundi aipitishe mpaka juu ya dashibodi, karibu na kioo. Ya pili ni simu yako na kishikio kizuri. Mimi mwenyewe natumia simu.

MzeeWaIgurusi

Vijana, nimewasoma. Nimeendesha magari tangu barabara hii ya Zambia ikiwa mpya, na sikuwahi kuwa na kioo cha kuniambia pinda. Unafika njiapanda, unasimama, unazima injini, unashuka, unasalimia. Ukisalimia vizuri utaambiwa mpaka daraja lililobomoka jana. Huyu bwana angesimama Isyonje akamuuliza mwenye kibanda cha viazi, angeambiwa, "Kwa gari hilo rudi upitie Njombe." Kuuliza kulimkosesha nini? Alimkatalia mama yake mzazi kwa ajili ya kifaa.

MwanaUyole (mleta mada)

Shikamoo mzee wangu. Hilo la mama ndilo linaloniuma kuliko yote, na sina la kujibu. Ni kweli.

NesiWaZamu

Shikamoo mzee. Nakuelewa na ushauri wako ni mzuri mchana. Lakini naomba na sisi tusikike.

Mimi ni muuguzi, naendesha gari mwenyewe, mara nyingi natoka zamu saa nne usiku. Mwaka jana nilikuwa ndiyo nimehamia mji ambao sikuujua. Usiku wa kwanza nilipotea, nikasimama kuuliza kwa vijana waliokuwa wamekaa gizani. Mmoja akasema nifuate, nakupeleka. Mwingine tayari ameshashika mlango wa nyuma. Niliondoa gari na mlango ukiwa wazi. Tangu siku ile sisimami kumuuliza mtu usiku. Nina ramani kwenye simu, nimeipakua nikiwa nyumbani, sauti nimeiwasha kwa hiyo siangalii skrini, na mume wangu anaona nilipo kwa lokesheni ya moja kwa moja mpaka nifike. Kwa mwanamke aliye peke yake usiku, mzee wangu, hicho kifaa ndicho mwenyeji wangu.

MzeeWaIgurusi

Marahaba mwanangu, na pole sana. Hapo umenifundisha. Sikufikiria usiku, wala sikuwafikiria mabinti. Endelea nacho.

Semi_Tunduma

Salaam wakuu. Mimi navuta semi, Dar hadi Lubumbashi kupitia Tunduma, mwaka wa kumi na moja huu. Niongeze ya kwetu wa magari makubwa, maana programu hizi nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya gari dogo. Hazijui umebeba tani ngapi, urefu wako wala upana wako. Inaweza kukukatisha mtaa wa Mbeya mjini ambao ukiingia na semi hutoki bila kubomoa ukuta wa mtu. Mwezi uliopita nilimkuta mwenzangu wa Zambia amekwama Soweto, kwa nyuma kule, taa ya mbele iko barazani kwa mama anayeuza chapati, ameshindwa mbele ameshindwa nyuma. Kifaa kilimwambia kuna mkato wa kukwepa foleni.

Na foleni yenyewe ndiyo hii ya ujenzi wa njia nne kutoka Nsalaga hadi Ifisi. Barabara ya kupitia kwa muda inahamishwa leo kushoto kesho kulia. Ramani ya mwaka jana haina habari hiyo. Pale fuata vibao na vijana wa bendera.

Muda wa kufika usiuamini. Kifaa kinapiga hesabu kama utatembea mwendo mmoja, hakijui vibao vya mwendo wa 50 vya vijijini ni vingi kiasi gani kati ya Igawa na Uyole, hakijui foleni ya mizani. Kitonga lori moja likilala katikati ya kona, kile kifaa kinaendelea kukuandikia dakika arobaini. Mimi huongeza theluthi. Kikiandika saa sita, najiandaa kwa nane.

Nyingine inayowachanganya wageni: ukivuka Tunduma kuingia Nakonde, au Kasumulu kuingia Malawi, saa inarudi nyuma saa moja. Simu inajibadilisha yenyewe ikishika mnara wa upande wa pili, na hata pale Tunduma mjini ukiwa karibu na mpaka inaweza kushika mnara wa Zambia. Usije ukakosa basi la alfajiri kwa hilo.

Na chaja. Malori yetu ni volti 24, magari madogo ni 12. Chaja ya kuchomeka pale pa kuwashia sigara iwe imeandikwa 12-24V. Niliwahi kuchomeka ya 12 peke yake, nikanusa plastiki inaungua kabla sijafika Chimala.

Mpanda_Paini

Sisi wa Mufindi tuna tatizo letu. Ndani ya msitu wa Sao Hill barabara zote zinafanana. Paini mstari kulia, paini mstari kushoto, njia nyekundu, njiapanda, paini tena. Hakuna mlima wa kukuongoza wala mtu wa kumuuliza. Na ramani nyingi hazina zile barabara za kutolea magogo, au zinazo halafu kampuni imeshaziacha zimeota majani.

Kwa hiyo kule sitafuti njia. Natumia kitu kingine, kurekodi nyayo. Naingia msituni, nasimama kwenye lami, naweka alama, "gari limeingilia hapa". Kisha nawasha kurekodi. Kila ninapopita simu inachora mstari. Jioni nageuza, naufuata mstari wangu mwenyewe kurudi. Haijalishi kama ramani ni tupu, mstari ni wangu. Siku moja tulikuwa tunapima kitalu, mvua ikaanza saa tisa, giza la paini unalijua. Mwenzangu alikuwa na uhakika kabisa gari liko kulia. Mstari ulisema kushoto. Tulibishana kidogo, tukafuata mstari, tukalikuta gari mita 200 mbele.

Fundi ni kweli kuhusu miti. Chini ya paini zilizokomaa kile kidoti kinarukaruka mita kumi na tano, ishirini. Sogea kwenye uwazi, subiri kitulie, ndiyo uweke alama.

Kaka_Ipogolo

Nami niseme kuhusu majina, hapa ndipo wengi wanaumia. Shemeji alitoka Dodoma akaandika Igoma, akimaanisha Igoma yetu ya Mbeya Vijijini. Kifaa kikamchukulia Igoma ya Mwanza. Aligundua alipoona kilomita zinazidi akili. Soweto iko Mbeya na iko Moshi. Forest iko Mbeya na iko Morogoro. Na Songwe ndiyo balaa: uwanja wa ndege wa Songwe uko mkoa wa Mbeya, pale mbele ya Mbalizi, wakati mkoa wa Songwe uliozaliwa 2016 makao yake ni Vwawa. Mtu anawahi ndege anaandika Songwe tu, anapelekwa mbele kabisa.

Kabla hujabonyeza anza, vuta ramani uione njia nzima kutoka mwanzo mpaka mwisho. Sekunde kumi tu. Ukiona mstari unapita Singida na wewe unakwenda Rungwe, umeshajua.

DukaLaMbegu

Naongeza hapo. Sisi tunapeleka mbegu na mbolea kwa wakulima, kila mteja anatuma lokesheni. Nimegundua mtu akituma akiwa ndani ya nyumba ya bati, alama inaanguka kwa jirani au mtaa wa pili. Siku hizi namwambia: toka nje, simama uwanjani, fungua ramani kwanza, subiri lile duara la bluu lisinyae, ndiyo unitumie. Na asiniambie lokesheni ya alipo wakati yeye yuko sokoni na mzigo unakwenda shambani. Imeshatokea.

Wanaotuma kwa namba, jamani msisahau alama ya kutoa. Sisi tuko kusini mwa ikweta. Mbeya ni kama -8.9, 33.45. Ukiiacha ile ya kutoa unapelekwa kaskazini, upande wa mpaka wa Sudan Kusini na Ethiopia.

Kwa mjini, vile vibao vya majina ya mitaa na namba za nyumba vilivyowekwa kwenye operesheni ya anwani za makazi ya 2022 vinasaidia sana. Muulize mteja namba iliyoko mlangoni kwake.

Premio_Kihesa

Wakuu hizo ramani za kupakua ni zipi hasa? Na je zinachukua nafasi kubwa?

Fundi_Mwanjelwa

Ziko nyingi, nitaje ninazozitumia. Google Maps inakuruhusu uchague eneo ulipakue. Ukiwa nje ya mtandao itakuongoza ukiendesha gari, ila haitakupa habari za foleni, na lile eneo lina muda wake, usiposasisha linafutika. Nyingine ni Organic Maps na OsmAnd, unapakua nchi nzima ukiwa kwenye Wi-Fi, ukimaliza hata ukienda Chunya ukapitiliza Makongolosi kusiko na mnara, ramani unayo. Vijijini mimi naziamini hizi mbili zaidi, kwa sababu zinaonyesha vijia vidogo kwa mistari ya vidoti. Jicho linaona mara moja kuwa hii si barabara. Kile kifaa cha mleta mada kilichora vyote sawa.

Nafasi inatofautiana, angalia kabla ya kupakua. Na pakua jana yake. Usipakue stendi ya Kabwe gari limeshawaka.

Kwenye vifaa vya kubandika kuna kasoro nyingine ya vile vya zamani. Saa ya GPS inahesabu wiki mpaka 1,024 kisha inaanza sifuri, na mara ya mwisho ilikuwa Aprili 2019. Vifaa ambavyo havikusasishwa vinaonyesha tarehe ya miaka karibu 20 nyuma. Ukiletewa kifaa cha mkononi, angalia tarehe. Ikiwa ya kale, na ramani yake ni ya kale. Mleta mada, kaangalie cha kaka.

MwanaUyole (mleta mada)

Nimekwenda kuangalia. Tarehe iko nyuma miaka karibu ishirini, kama ulivyosema.

Mwl_Makete

Nimeusoma uzi wote tangu juzi. Mimi ni mwalimu wa jiografia huku huku Makete, na hiyo njia ya trekta naifahamu. Si wewe wa kwanza. Kabla yako kuna gari la harusi lililala palepale.

Barabara ya Isyonje, Kikondo hadi Makete ni kilomita 96, imekuwa ikijengwa kwa vipande, hivyo mtu asitoe hukumu ya jumla kwamba haipitiki. Kiangazi gari dogo linapita. Masika, kama huna gari lililoinuka lenye kuvuta magurudumu manne, zunguka Njombe. Ile ya Njombe hadi Makete ni kilomita 107 za lami. Wale wanaopanda kutokea Chimala kwenda Matamba kwa kona hamsini na saba, hali ni hiyohiyo, piga simu kwanza kwa mtu wa Matamba umuulize jana mvua imenyesha au la. Hapa namuunga mkono mzee wa Igurusi, mwenyeji unaweza kumuuliza hata kwa simu kabla hujatoka nyumbani.

Nililotaka kusema hasa ni hili. Organic Maps na OsmAnd zinachukua ramani yao OpenStreetMap. Hiyo ilianzishwa Uingereza mwaka 2004 na mtu yeyote anaweza kuirekebisha, bure, hata wewe. Vijana wa Dar es Salaam waliitumia tangu 2015 kwenye Ramani Huria, wakachora mitaa inayofurika mpaka mifereji yake. Sisi wa huku tunasubiri nani atuchoree? Mimi na wanafunzi wangu wa kidato cha tatu tumeshaweka vitongoji kumi na vinne, zahanati, visima na madaraja mawili ya miti. Kila njia tunaiandikia aina yake, barabara ya wilaya au njia ya shamba, na uso wake, lami, changarawe au udongo. Programu ikisoma "udongo, njia ya shamba" haitakimbilia kumpeleka huko mtu mwenye IST.

Ile njia ya viazi hatujaifikia. Kama una kumbukumbu ya mahali ulipopinda, tuifanye.

MwanaUyole (mleta mada)

Mwalimu, Mungu akubariki. Ninayo picha aliyoipiga mdogo wangu wakati vijana wanasukuma, na simu yake ilihifadhi mahali kwenye picha. Nakutumia namba, pamoja na ile alama ya kutoa.

MwanaUyole (mleta mada)

Wakuu, mrejesho.

Jumamosi tumekwenda Makete kwenye arobaini iliyocheleweshwa. Ijumaa jioni nilipakua ramani, nikaweka kuepuka barabara za vumbi, nikavuta nikaiona njia nzima: Igawa, Makambako, Njombe, Makete. Nikampa mama simu ashike, nikamsomea kwa sauti miji yote tutakayopita, akasema ndiyo, hii ndiyo ya mjomba wako. Kisha nikampigia mjomba mwenyewe. Akaniambia kuna daraja dogo mbele ya Njombe linatengenezwa, nipite taratibu. Ramani haikuwa nalo.

Tumetoka saa kumi na moja alfajiri. Programu iliandika tutafika saa nne na nusu, tumefika saa sita na robo. Mama hakuuliza kitu njia nzima. Mchana tulikwenda kaburini, wamelijengea. Alikaa pale peke yake kama nusu saa, nasi tukamsubiri kwenye gari.

Usiku mwalimu alinifundisha kwa simu namna ya kuhariri. Ile njia ya kushoto nimeiandika njia ya shamba, uso udongo, na pale penye mkaratusi nimeweka alama ya mti, ili mtu akiwa kwenye ukungu ajue hapo ndipo asipinde. Kama kuna anayepita Kitulo wiki hii, naomba anihakikishie alama imekaa mahali pake.

Semi_Tunduma

Hongera sana mkuu. Hapo umefanya jambo.

Mwl_Makete

Nimepita leo saa nne asubuhi na wanafunzi sita. Alama imekaa sawa, tumeipima kwa simu tatu. Ila mkaratusi wameukata, kimebaki kisiki cha kimo cha goti. Nimebadilisha maandishi yasomeke "kisiki". Mzee wa gambuti tumemkuta shambani, anauliza kama mlifika salama.